Athibitishe au Afute Kauli

Mwanamke aliyesimama kwenye roshani ya wageni, macho yamemganda Mheshimiwa bila kupepesa, hakuwa mwandishi wa habari wala mpiga kura mwenye kero. Nyie mliobashiri wiki nzima kwamba ni mke wa Waziri, poleni. Alikuwa dada yake Mheshimiwa, wa tumbo moja, aliyemtangulia kuzaliwa na aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Askari wa Bunge alimgusa bega na kumwonyesha kiti, maana mgeni haruhusiwi kusimama roshani. Dada akakaa. Huku chini, Mheshimiwa alikuwa bado wima kwenye mstari wa pili, taa nyekundu ya kipaza sauti inamwakia kidevuni, na Spika anarudia maneno yale yale yaliyomtoa jasho.

"Kikao cha jioni kikianza, utathibitisha kwamba mama uliyemzungumzia yupo, au utafuta kauli yako. Sina njia ya tatu."

Kengele ikalia. Wabunge wakainuka kwenda kula, wakiwa na furaha ya watu ambao shida ni ya mwenzao.

Kama gazeti la wiki iliyopita liliishia mikononi mwa jirani, mambo yako hivi.

Mheshimiwa wetu, wenzake Bungeni humwita Mama Mfano. Tangu aingie humo hajapata kuchangia hoja bila kuleta mtu. Ikijadiliwa ada ya maji, yuko bibi mmoja anayemfahamu, mwenye goti bovu na ndoo mbili. Ikijadiliwa pensheni, yuko mwalimu mmoja anayemfahamu, aliyeuza godoro alilolalia. Wengine huja na takwimu, yeye huja na watu, na takwimu hazijawahi kumliza mbunge aliyeshiba. Katika watu wote hao, hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama anataka kuletwa.

Juzi ulikuwa mjadala wa Muswada wa Fedha. Mheshimiwa alileta kifungu chake alichokihangaikia miezi mingi: sehemu ya kodi ya kamari itengwe kujenga nyumba za mchana za wagonjwa wa akili, mahali ambapo ndugu atamwacha mgonjwa wake asubuhi na kumchukua jioni, ili naye aende kutafuta riziki. Waziri wa Fedha hakukitaka hata kukisikia. Kwake yeye kodi ni mali ya hazina kuu, na kila anayeomba sehemu yake ni mdokozi.

Ukumbi ulikuwa unasinzia. Mbunge mmoja kidevu kilikuwa kimeshalala juu ya tai. Mheshimiwa akaziweka takwimu kando na kusema yuko mama mmoja anayemfahamu, anayeishi nyumba yenye dirisha la bluu, ambaye kila asubuhi humfungia mwanawe mtu mzima chumbani kwa kufuli la nje, akaenda kazini. Watu wakainua vichwa. Alipoona wameinua, akaongeza kidogo. Akasema mama huyo amechoka hata upendo umemwisha, amebaki na ufunguo tu.

Meza ziligongwa pande zote mbili. Kifungu kikapita hatua ya kwanza, na taarifa ya habari ikairudia ile sentensi ya upendo na ufunguo kama wimbo.

Leo asubuhi, kabla ya kura ya mwisho, Waziri akasimama kuhusu utaratibu. Akasema Bunge haliwezi kugawa fedha za umma kwa ajili ya hadithi, na kwamba wote hawa anaowafahamu Mheshimiwa hawajapata kuonekana na mtu mwingine. Athibitishe au afute. Ndipo na dada akasimama kule juu, na ndipo tulipoachana.

Haya, twende.

Mheshimiwa hakwenda kula. Alishika njia ya ujia wa nyuma, na huko akamkuta mbunge mkongwe wanayemwita Mzee wa Kanuni, anayeijua kila kanuni ya Bunge kwa namba kama watu wanavyojua namba za simu za wadeni wao. Mzee alikuwa anapangusa miwani kwa ncha ya tai.

"Futa, binti yangu," alimwambia kwa upole. "Kufuta kauli hakuui mtu. Mimi nimefuta zangu nyingi na bado naitwa Mheshimiwa. Kesho watakuwa na la mwingine."

"Na kifungu?"

Mzee alivaa miwani yake akasema kifungu kitaanguka, hilo asijidanganye. Waliokiunga mkono waliunga mkono yule mama. Mama akiondoka, nao wanaondoka.

Mheshimiwa akaendelea na safari yake. Moyoni alikuwa anajipangia maneno ya kumwambia dada, na kila alipoyapanga yalikuwa yanaanza na "lakini."

Chumba cha kukutana na wageni kilikuwa ghorofa ya chini, karibu na geti, chenye viti vya plastiki na feni moja iliyokuwa inazunguka bila kupoza kitu. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini. Alikuwa amevaa gauni lake la kazini, lenye nembo ya kampuni ya usafi mfukoni. Mkono wake ulikuwa unapanda shingoni, unapapasa, unashuka, kisha unapanda tena.

"Mkufu umepotea?" Mheshimiwa aliuliza, maana mtu mwenye hatia huanza na jambo dogo.

"Wamevichukua vyote getini, simu na kila kitu cha chuma. Wameviweka kwenye trei." Dada aliitazama saa ya ukutani. "Mtachukua muda mrefu, mdogo wangu? Nilidhani ni kuingia na kutoka."

Mheshimiwa akaona ni hasira. Akavuta kiti, akaanza kujitetea. Alisema hakumtaja jina. Alisema alifanya kwa nia njema, kwamba nyumba hizo zikijengwa wa kwanza kufaidika atakuwa Fundi.

Fundi ndiye mtoto wa pekee wa dada, mwanamume mzima mwenye ndevu. Jina hilo alilipata kihalali. Kabla ugonjwa haujamwingia kichwani, hakukuwa na redio mtaani iliyokufa asiweze kuifufua.

"Hukunitaja jina," dada alikubali. "Ulitaja dirisha la bluu. Mtaa mzima una madirisha mangapi ya bluu? Jana nimeingia dukani, watu waliokuwa wanaongea wakanyamaza. Muuza duka akanihudumia bila kuniangalia. Kazini msimamizi ameniita pembeni kuniuliza kama ni kweli."

Mheshimiwa akafungua mdomo. Dada akainua kiganja, na Mheshimiwa, anayewakatiza mawaziri wakiwa katikati ya sentensi, akaufunga.

"Hayo yote ningemeza. Ulisema upendo umeniisha. Hilo ulilitoa wapi? Ni lini mimi nilikuambia hivyo?"

Hakulitoa popote. Alilitoa kwenye kidevu cha yule mbunge aliyesinzia. Alitaka kumwamsha mtu, akachukua moyo wa dada yake akaugonga mezani. Alijua hivyo tangu juzi, tangu meza zilipogongwa, na bado jioni ile aliitazama taarifa ya habari mara mbili, akiisikiliza sauti yake mwenyewe na kuipenda.

"Nisamehe, dada."

"Na kufuli," dada aliendelea kana kwamba hakusikia, "mbona hukusema lilitoka wapi?"

Mheshimiwa akayashusha macho kwenye viatu vyake vizuri.

Msomaji, kaa vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Wakati wa kampeni, Mheshimiwa aliwahi kusimama jukwaani mbele ya umati ambao hajapata kuupata tena. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma. Fundi, aliyekuja na mama yake kumsikiliza mama yake mdogo, hakuweza kuvumilia ule mkoromo. Alipanda jukwaani taratibu akiwa na bisibisi yake, akapiga magoti mbele ya spika kubwa, akaanza kuifungua skrubu moja baada ya nyingine huku akiisemesha. Mgombea yuko katikati ya ahadi ya barabara, sauti ikakata. Umati ulicheka hadi watu wakashikana mabega. Mpinzani wake aliitumia picha ile kwenye mabango yake: hata nyumbani kwake ameshindwa kutawala.

Kesho yake Mheshimiwa alikwenda kwa dada akiwa na seremala, komeo jipya na kufuli la shaba. Dada alilia. Mheshimiwa alimshika mikono na kumwambia ni mpaka uchaguzi upite tu. Uchaguzi ulipita. Mheshimiwa aliapishwa, akapewa gari, akahamia nyumba yenye uzio. Kufuli likabaki, kwa sababu kabla yake dada alikuwa anakwenda kazini na Fundi, anamketisha kwenye ngazi za ofisi akifagia, lakini mtu aliyezoea kufungiwa akifunguliwa hukimbia, na dada hana tena miguu ya kumkimbiza.

"Nitafuta," Mheshimiwa alisema haraka. Alidhani ameona mlango. "Nitasimama pale niseme nilikosea, hakuna mama wa namna hiyo. Watu watakuacha. Utapita dukani kama zamani."

Alingoja kuona uso wa dada ukilegea. Haukulegea. Ulijikunja kama wa mtu aliyetiwa kidole kwenye kidonda.

"Yaani useme mwanangu hayupo?"

"Nitakuwa nakulinda wewe, dada."

"Unajilinda wewe. Juzi ulinitoa nje bila ruhusa yangu, leo unataka kunirudisha ndani bila ruhusa yangu. Mimi ni mtu, si mfano." Mkono ukapanda tena shingoni na kushuka mtupu. "Zile nyumba unazosema, ni kweli zitajengwa?"

Mheshimiwa alisema kifungu kikipita, zitajengwa.

"Basi thibitisha. Nitakaa pale juu wanione, mimi ndiye. Ila useme yote. Na la kufuli."

"Nikisema la kufuli nimekwisha, dada. Unajua watakavyonifanya?"

"Najua. Nimekwisha mimi tangu juzi, na bado asubuhi nimeamka nikapika uji." Akaitazama saa tena. "Useme mapema basi, mimi nirudi. Leo nimempa Fundi redio mbovu na kile kipasi chake cha moto cha kuunganishia nyaya, nimemchomekea kwenye umeme. Akikishika hicho anatulia, hajui hata dunia ikipita."

Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa kwa kufarijika, akasema afadhali, na kufikiria jimbo lake. Nawaomba mlikumbuke hilo.

Alipotoka, Waziri wa Fedha alikuwa anamngoja chini ya ngazi, mikono nyuma, anatabasamu kama mwenye nyumba anayekuja kuuliza habari za familia kabla ya kuuliza kodi. Hakuzunguka. Alimwambia anajua kwamba mama yule yupo, na anajua ni nani, kwa sababu wizara yake ina watu wenye masikio. Hana haja ya kumwaibisha mama wa watu, alisema, wala kuiaibisha familia.

"Ondoa kifungu chako mwenyewe kabla hujaitwa, nami naondoa hoja yangu ya utaratibu. Hutathibitisha, hutafuta. Dada yako atarudi kwake salama, na wewe utarudi jimboni na jina lako."

"Na wagonjwa?"

"Mwaka ujao," Waziri alisema. Katika nchi yoyote yenye hazina, hilo ndilo jibu la wagonjwa.

Nisiwadanganye kwamba Mheshimiwa alimtemea mate. Alisema atafikiria, na alifikiria kweli. Alipanda zile ngazi akiuonja ule mkataba ulimini, na ulikuwa mtamu. Hakuna ambaye angejua. Dada angekasirika mwezi mmoja, miwili, kisha angepunguziwa hasira kwa bati jipya au mfuko wa saruji, kama alivyopunguziwa zamani. Wazo hilo la bati ndilo lililomkwama kooni. Alikumbuka kwamba siku ya komeo alimpa dada mabati, na dada aliyapokea kwa mikono miwili akasema asante.

Kengele ikalia. Wabunge wakarudi, wachache zaidi kuliko asubuhi na wengine wakiwa bado na vijiti vya meno midomoni. Safari hii hapakuwa na aliyesinzia. Roshani ilikuwa imejaa waandishi, na katikati yao, kwenye kiti cha pembeni, gauni lenye nembo ya kampuni ya usafi.

Spika alimwita kwa jina la jimbo lake. Mheshimiwa akasimama, akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka. Upande wa pili, Waziri alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kama anayesema karibu.

"Mheshimiwa Spika, naomba kufuta kauli yangu."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Mzee wa Kanuni alishusha pumzi, kazi imekwisha. Waziri akaanza kukusanya makaratasi yake. Kule juu, dada alifunika mdomo kwa kiganja na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo mahali pasipo pake.

"Kauli moja," Mheshimiwa akaendelea. "Nilisema upendo umemwisha yule mama. Hilo nililitunga, Mheshimiwa Spika. Nililitunga kwa sababu mlikuwa mmelala. Nalifuta, na naomba liondolewe kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge hili, kwa sababu ni uongo. Yaliyobaki nayathibitisha."

Waziri aliacha makaratasi.

Alisema mama huyo ni dada yake, na yuko roshani. Vichwa vyote vikageuka, na dada, aliyekatazwa asubuhi kusimama, akasimama. Safari hii askari hakumgusa. Mheshimiwa akasema aliyefungiwa ni mpwa wake, fundi wa redio. Sauti yake ilikuwa imara mpaka hapo. Kisha akaishika meza kwa mikono miwili.

"Na kufuli nililinunua mimi. Si dada yangu. Mimi, kwa mkono wangu, ili mpwa wangu asinifanye kichekesho mbele ya wapiga kura. Nilimwahidi ni mpaka uchaguzi upite. Nimekaa humu ndani nikiwaambia jinsi watu wanavyofungiwa, na sikuwahi kurudi kumfungulia wa kwangu. Kama Bunge linataka kunihukumu, linihukumu. Lakini msikihukumu kifungu kwa makosa yangu."

Hakuna aliyegonga meza. Mbunge aliyesinzia juzi alikuwa anafuta macho kwa tai ile ile. Mheshimiwa alijisikia mwepesi, wepesi ambao hakuwa ameusikia tangu ajiingize kwenye siasa, na nusu yake ilikuwa tayari inajipongeza. Ndivyo alivyo, na mimi nampenda hivyo hivyo.

Waziri alinyanyuka nusu kutaka kusema neno. Spika akamkalisha kwa mkono. Spika ni mtu mzima, mkavu, asiyependa maonyesho. Aliinama kwenye kipaza sauti chake akauliza swali ambalo halimo katika kanuni yoyote, swali ambalo mtu yeyote mwenye jamaa mgonjwa angeliuliza la kwanza.

"Kiti kimekusikia. Sasa niambie, Mheshimiwa. Huyo mpwa wako, saa hizi yuko na nani?"

Tangu asubuhi Mheshimiwa hakuuliza hilo. Aliuliza juu ya mkufu, juu ya kifungu, juu ya jimbo, na hata mara moja hakuuliza juu ya Fundi.

Akainua macho roshani. Dada alikuwa bado amesimama, mkono shingoni, anapapasa mahali ambapo kila siku huning'inia uzi wenye ufunguo. Mtachukua muda mrefu? Useme mapema, mimi nirudi. Aliyasikia yote upya, na safari hii hayakuwa ya hasira.

Ufunguo ulikuwa getini kwenye trei. Nyumbani, nyuma ya kufuli la shaba, kipasi cha moto kilikuwa kwenye umeme tangu asubuhi, na Fundi peke yake.

"Mheshimiwa," Spika alirudia, "nimeuliza, yuko na nani?"

Dada alikuwa ameshageuka, anawapenya waandishi, anakimbilia ngazi.